Utabiri Ufike Kabla ya Saa Kumi

Lamu hakuna anayeuliza upepo wa leo utatoka wapi. Kaskazi ikishaingia Desemba, tunajua itakaa hadi Machi. Kusi ikishika, bahari hufunga. Wazee huvipandisha vyombo pwani, huziba nyufa kwa kalafati, hupaka mbao sifa, na Juni au Julai hakuna mwenye akili timamu atokaye nje ya mwamba kwa dau. Kisha huja demani, huja matlai, na vyombo hurudi majini. Upepo kwetu una kalenda. Mimi ni mtoto wa nahodha, nimelelewa ndani ya kalenda hiyo, ndiyo maana habari za Ziwa Victoria zilikuwa zikinisumbua kila nizisikiapo redioni: mashua imepinduka usiku, wavuvi wanatafutwa. Januari utazisikia, Aprili utazisikia, Oktoba pia. Nilitaka kuuona upepo huo usiokuwa na msimu wa kupumzika, na kujua wanaoishi nao huambiwa nini, na nani, kabla haujafika.

Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka katika ziwa zima kwa ajali za majini, na hali mbaya ya hewa imo katika sababu kubwa. Ziwa lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na Kenya ina asilimia 6 tu ya maji hayo. Migori na Homa Bay zimeshika upande wa kusini wa fungu hilo dogo. Homa Bay ina fuo zilizomo ndani ya Ghuba ya Winam na nyingine zinazotazama nje. Migori yote inatazama ziwa pana, hadi upeo wa macho, bila kizuizi.

Nilifunga safari mwezi wa Oktoba, mvua za vuli zikianza. Basi la alfajiri lilitutoa Nairobi, likapita Narok na Bomet, na jua lilikuwa kali mpaka tulipoanza kupanda vilima vya Kisii. Hapo mambo yakabadilika upesi. Mawingu yalikuwa yamesimama juu ya migomba, meupe vileleni, chini yamekolea weusi, na kabla hatujatoka mjini Kisii mvua ya mawe ilikuwa ikipiga bati la basi kiasi cha watu kuacha kuzungumza. Nyanda hizi za juu zimezoea. Kericho, kaskazini ya hapo, inajulikana duniani kwa wingi wa siku za mvua ya mawe, na wakulima wa chai wanaijua hasara yake. Mama niliyeketi naye, mchuuzi wa samaki aliyekuwa akirudi Nyatike, huko Migori, alilivuta dirisha likafunga, akasema bila kunigeukia: "Ikinyesha Kisii hivi, usiku iko ziwani."

Nilimwomba aniambie alijuaje. Alinitazama kama ninayeuliza kwa nini usiku huja baada ya mchana. "Inatembea," akasema. "Mchana iko huku kwa wakulima, usiku inakwenda kwa wavuvi."

Tulipita Rongo, tukapita miwa ya Awendo, na mjini Migori nikabadilisha gari. Probox ya kwenda Muhuru Bay iliondoka ilipojaa, yaani ilipopita kujaa, ikashuka kuelekea magharibi kupitia nchi niliyoshangaa kuiona kavu. Kisii kulikuwa kunamwagika, na hapa Nyatike mbuzi walikuwa wakitafuta majani chini ya miiba. Jambo hilo lina sababu yake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo hutoka ziwani kwenda barani kuijaza nafasi hiyo. Mawingu hujengeka kule mbele, vilimani, ambako upepo huo wa ziwa hukutana na ule utokao mashariki. Ufuo wenyewe hubaki chini ya hewa inayoshuka, na hewa inayoshuka haizai mvua. Kwa hiyo mkulima wa Karungu, huku ufuoni, anaweza kukaa anatazama mvua ya jirani yake wa milimani kila alasiri, yeye akipata vumbi.

Muhuru ni mwisho wa Kenya. Ukisimama ufuoni na kutazama kusini unaiona Tanzania, vilima vya upande wa Shirati, na simu yako inaweza kuingia mtandao wa huko bila kukuuliza. Nilifika kama saa tisa na nusu. Niliwakuta wanawake wakianua omena. Nyavu kuukuu zilikuwa zimetandazwa mchangani eneo kubwa, na juu yake samaki wadogo wa rangi ya fedha waliokaushwa na jua tangu asubuhi. Wanaume karibu wote walikuwa wamelala. Ilinichukua muda kuiona maana ya jambo hili, nami nitalirudia, kwa sababu ndilo nililotoka nalo safarini.

Niliwasalimu, nikajitambulisha, nikasema nimetoka Lamu na nimekuja kuulizia upepo. Toka hapo jina langu likawa nyar Lamu, binti wa Lamu. Mama mmoja mwenye umri wa kunizaa, aliyekuwa akikusanya omena kwa ufagio wa njukuti, hakuacha kazi. "Nyar Lamu, wewe unaulizia upepo wa wanaume. Niulize mimi mvua."

Nikakaa chini, nikamuuliza.

Omena huvuliwa usiku na huletwa pwani alfajiri. Mchuuzi hununua kwa ndoo, mara nyingi kwa fedha aliyokopa kwenye chama, na toka hapo ana mchana mmoja wa jua. Akikauka vizuri atauzwa Kisumu, Nairobi na mbele ya hapo, kwa chakula cha watu. Akilowa kabla hajakauka huanza kuvunjika na kunuka, na anunuliwaye hivyo huenda kwa wasaga chakula cha kuku, kwa bei ambayo mama huyo aliitaja kwa kutema mate pembeni. Mkopo wa chama haupungui kwa kuwa mvua ilinyesha. Kwa hiyo kuanzia saa saba mchana yeye na wenzake hutazama mashariki, upande wa vilima. Wingu likiota juu ya Kisii mapema, hawangoji. Huanua samaki wakiwa na ubichi kidogo, wakawamalizia kesho. Likichelewa, huwaacha mpaka saa kumi. "Hii kazi ni macho," alisema. "Ukilala umefilisika."

Nilimuuliza kama husikia utabiri. Alisema redio ya Kidholuo huutoa, na katibu wa BMU, yaani kikundi cha kusimamia ufuo, hupata ujumbe kwenye simu, lakini ujumbe huo ni wa wavuvi. Nikamuuliza kama haukumfaa na yeye. Alisimama kidogo na ufagio wake. "Hakuna aliyewahi kuniuliza kama ningeutaka."

Jioni nilikaa na mzee mwenye mashua, ambaye sasa haendi majini ila huketi juu ya gogo kuona vijana wakiondoka. Nilimwamkia kwa shikamoo, akacheka kwa furaha, akaitikia marahaba kwa sauti ndefu kama mtu aliyepewa zawadi, kisha akaniita nyathina, mwanangu, muda wote wa mazungumzo. Kilichokuwa mbele yetu kiliniingia moyoni. Mashua zile ni za mbao, ndefu, zenye pua iliyochongoka, nyingi zina mashine ya nje na nyingine zina kasia na tanga tu. Kila moja ilipakia vijana wanne au watano, wavu, na taa za sola juu ya vyelezo vyake, taa ambazo zimechukua nafasi ya karabai za zamani. Jaketi za kuokolea niliziona chache mno.

Omena hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, kwa sababu samaki hutawanyika; kwa hiyo uvuvi wake ni wa usiku wa giza, na nilikuwa nimefika katika siku za giza. Wavuvi huvua wakati huo huo ambao ziwa huzaa dhoruba zake, na giza linalowaletea samaki linawaficha wingu. Kwetu nahodha huuona ukuta wa mvua ukija tangu mbali, akapunguza tanga kwa nafasi. Hapa kijana aliyeinamia taa haoni kitu nje ya duara la mwanga wake. Atajua kwa baridi. Mvua nzito inaposhuka kutoka wingu la radi huvuta hewa baridi chini pamoja nayo, na hewa hiyo ikigonga maji husambaa mbele ya mvua yenyewe. Upepo huo wa kwanza, mkavu na baridi, ndio upinduao mashua, kabla hata tone halijaanguka.

Mzee alinionyesha kaskazini-mashariki, ambako umeme ulikuwa umeanza kuchezacheza bila sauti. Nikamuuliza kwa nini basi vijana wanakwenda.

"Ziwa ni kubwa, nyathina. Umeme uko kule, labda utakwenda Mbita, labda utakwenda Karungu. Wakikaa kila siku wanapoona umeme, hawatakwenda kabisa." Alinyamaza, kisha akaongeza lile ambalo nadhani ndilo lenye uzito zaidi. Mafuta ya mashine yamekwisha kununuliwa. Hutolewa kwanza katika mauzo, kisha mwenye mashua na vijana hugawana kilichobaki. Usiku usiokuwa na samaki ni deni.

Upepo ulikuja kama saa saba za usiku. Nililala katika nyumba ya wageni karibu na ufuo, nikaamshwa na bati. Ulitoka mashariki kwanza, kisha ukageuka, na ziwa, lililokuwa likipumua kidogo tu jioni, likawa linagonga mawe kwa vishindo vya karibu karibu. Radi zilipiga kwa muda mrefu. Watu walikuwa wamekwisha kutoka nje na tochi. Nilikuta akina mama wengi zaidi ya wanaume, wamejifunga leso kichwani, wanatazama. Taa za majini zilikuwa zimezimika au zimefichwa na mvua. Hakuna aliyepiga kelele. Mtu mmoja alikuwa akipiga simu moja baada ya nyingine. Mashua zilianza kuingia kabla ya alfajiri, moja moja, na katibu wa BMU alikuwa akiziweka alama kwenye daftari la mashua zilizotoka jioni. Moja haikuonekana mpaka jua lilipotoka, ndipo simu ikalia: wamejisitiri ufuo mwingine, upande wa Karungu, wavu umepotea, watu wote ni wazima. Mama yule wa ufagio, ambaye mwanawe hakuwa hata katika mashua ile, aliketi mchangani akalia.

Nimeisoma sababu ya dhoruba hizi tangu zamani, lakini baada ya usiku ule niliielewa kwa namna nyingine. Usiku nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto lake la nyuzi kama 25, na upepo hugeuka: sasa unatoka barani kwenda ziwani. Ziwa hili lina umbo la karibu duara, kwa hiyo pepo hizo huingia kutoka pande zote, kama watu waingiao uwanjani kwa milango yote, na zikikutana katikati hazina pa kwenda ila juu. Hewa yenye unyevu ikipanda hivyo huwa wingu la radi. Ndiyo maana mvua nyingi ya ziwani hunyesha kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi, nayo si kidogo: karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani hutoka mbinguni moja kwa moja, na mito yote, Kuja ya huku Migori ikiwemo, huleta kilichobaki.

Kisha kuna ile safari ya wingu aliyoitaja mama wa kwenye basi. Mwaka 2016 mwanasayansi wa Ubelgiji, Wim Thiery, na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Communications utafiti uliotumia picha za setilaiti na mahesabu ya kompyuta, wakaonyesha kwamba dhoruba za alasiri katika nchi kavu inayolizunguka ziwa hutoa ishara ya dhoruba za usiku juu ya maji. Utafiti huo una sehemu nyingine ya kutisha zaidi: dunia ikiendelea kupata joto, dhoruba kali kabisa za juu ya ziwa zitaongezeka nguvu kuliko zile za barani. Vijana wanaojifunza kuvua Muhuru leo watazeekea katika ziwa kali kuliko la baba zao.

Baharini tuna bahati ambayo sikuwa nimeihesabu kuwa bahati. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja Mafia, kilifuatiliwa kwa siku kadhaa kabla hakijatua, na hata kwetu Kenya, ambako hakikufika, onyo la upepo na mawimbi lilisikika mapema. Kimbunga ni kikubwa na hutembea kwa njia. Dhoruba ya ziwani huzaliwa alasiri na kufa kabla ya chai ya asubuhi, na upana wake unaweza kuwa wa kata mbili tu. Kompyuta zinazotabiri hewa ya dunia nzima hugawa ardhi katika miraba mikubwa, na mwaka hadi mwaka wingu hili lilikuwa likipita katikati ya miraba bila kuonekana. Uingereza iliunda mfumo wenye miraba ya kilomita 4.4 kwa ajili ya Afrika ya tropiki, na kati ya 2017 na 2021 mradi wa HIGHWAY, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani na kwa fedha za Uingereza, ukakutanisha idara za Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Ndipo utabiri wa ziwa ulipoanza kuandikwa kwa kumfikiria mvuvi: mara mbili kwa siku, kanda kwa kanda.

Kutoka Muhuru nilikwenda kwa pikipiki na matatu hadi Sori, katika Ghuba ya Karungu, kisha kaskazini. Kushoto ziwa, kulia milima ya Gwassi, halafu Sindo, halafu Mbita. Njia hii ni nzuri mno kuipita haraka, nami niliipita haraka, kwa kuwa nilitaka kuwahi mashua ya kisiwa cha Mfangano.

Mbita ni mahali ambapo ghuba na ziwa hukutana. Miaka ya 1980 kulijengwa njia ya mawe ya kukiunganisha kisiwa cha Rusinga na bara, ikaziba maji kabisa. Watu walilalamika miaka mingi, na mwishowe likajengwa daraja, likafunguliwa 2017, na sasa maji na mashua hupita chini yake. Asubuhi tulikwenda Mfangano katika maji shwari kabisa, abiria wote tumevalishwa jaketi kabla ya kamba kufunguliwa. Kurudi kulikuwa alasiri, upepo wa ziwa umeshika, na hapo nilijifunza jambo ambalo hakuna karatasi ya utabiri iliyowahi kunifundisha.

Wimbi la kusi linatoka mbali sana, limepata nafasi ya kujinyoosha. Linakuinua, linakushusha, na nahodha hodari hulipanda kwa utulivu. Wimbi la ziwani limezaliwa pale pale, ni fupi na limesimama, na lenzake liko nyuma yake kabla hujamalizana nalo. Pua ya mashua huwa bado imeinama ndani ya la kwanza wakati la pili linapoingia. Mita 1 ya wimbi nje ya Lamu singeitaja nyumbani. Mita 1 kati ya Mfangano na Mbita iliwanyamazisha abiria, na kijana aliyeshika mashine alikuwa akipunguza na kuongeza mwendo kila wimbi, macho nyuma, mdomo umefungwa, mpaka tulipoingia kivuli cha Rusinga. Karatasi inaposema mawimbi ya mita 1 kwa Mombasa na mita 1 kwa Karungu, inasema mambo mawili tofauti, na ingefaa iseme hivyo waziwazi.

Homa Bay mjini ziwa ni jingine tena. Uko ndani ya ghuba, kilima cha Asego nyuma yako, na maji mbele yana utulivu unaodanganya. Humu adui mwingine aletwaye na upepo ni gugu maji. Gugu hilo, lililoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, huelea bila mizizi ardhini, na upepo wa alasiri hulisukuma ghubani ukalijaza kutoka ukingo hadi ukingo; upepo mwingine ukija hulitoa. Mvuvi aliyetoka asubuhi katika maji meupe anaweza kurudi jioni akakuta shamba la kijani kati yake na nyumbani, injini haipiti, kasia haipiti. Kwake utabiri wa mwelekeo wa upepo ni habari ya njia ya kurudi. Nguvu ya upepo inaweza kuwa ndogo kabisa na bado akalala majini.

Nilikwenda kuonana na afisa wa hali ya hewa, mtu mpole aliyekubali kunikalisha na kunifungulia kompyuta. Alinionyesha picha za Meteosat, ambazo hupigwa kila dakika 15 kutoka juu ya ikweta. Alasiri ile ile mawingu yalikuwa yakiota juu ya Kisii na Kericho mbele ya macho yetu, picha baada ya picha, na kingo zake zilikuwa zikisogea magharibi. Alinieleza utabiri unavyosomwa: mwelekeo wa upepo, nguvu yake kwa noti, na noti 25, kiwango kinachotajwa mara nyingi katika maonyo ya upepo mkali, ni kama kilomita 46 kwa saa; kimo cha wimbi; radi; umbali wa kuona. Kisha tukafika kwenye maneno yanayonitatiza: ngurumo katika maeneo machache.

"Mzee wa Muhuru," nikamwambia, "akisikia maeneo machache anaelewa si kwangu."

Alikubali. Alisema yeye anajua karibu kwa hakika kwamba usiku huo kutakuwa na dhoruba mahali fulani kati ya Mbita na mpaka wa Tanzania, ila hajui ni ghuba ipi, na hatajua mpaka wingu liwe limekwisha kuzaliwa. Akiwaonya wote, wengi hawatapata hata tone, na onyo la nne halitasikilizwa. Asipowaonya, mmoja atakufa. Utabiri wa asubuhi hauwezi kumtoa katika shida hiyo. Unaoweza ni ule wa alasiri, wakati wingu linaonekana na mashua hazijaondoka. Huo ni muda mfupi sana, kati ya saa nane na saa kumi jioni. Na huo ujumbe wa alasiri, akasema, huutuma kwa simu za viongozi wa wavuvi, lakini anaona wengi huufungua usiku au kesho yake.

Nikamwambia kwa nini. Saa nane mvuvi wa omena amelala, na simu yake imezimwa au iko kwenye chaji dukani. Nilikuwa nimeliona jambo hilo ufuo mzima. Saa hiyo walio macho ni wanawake wa kwenye nyavu, wote wamegeukia mashariki, wote na simu kwenye mkoba wa kiunoni, na kila mmoja ana fedha yake mchangani inayomlazimisha kujua kama mvua itakuja. Ndio wanaotoka na tochi usiku mashua zikichelewa. Ujumbe ukifika kwao saa nane na nusu wataanua omena kwa wakati, na kabla ya saa kumi watakuwa wamewaamsha waume, wana na wadogo zao na kuwaambia wingu limefika wapi. Mvuvi anaweza kumpuuza mtabiri asiyemwona. Kumpuuza mama aliyempa mkopo wa wavu ni vigumu zaidi. Na ujumbe huo uwe wa sauti, kwa Kidholuo na Kisuba na Kiswahili, utaje ufuo na saa: wingu liko juu ya Rongo, linasogea kuelekea Karungu, upepo wake unaweza kufika kabla ya saa mbili usiku.

Afisa hakujibu haraka. Aliuliza kama wanawake hao wana chama kilichoandikishwa, nikasema Muhuru wapo wanaokopeshana, na Sori nilikutana na wengine. Aliuliza kama katibu wa BMU angeona ananyang'anywa kazi. Nikasema yule niliyemwona usiku ule na daftari angeshukuru. Basi akavuta karatasi, akaandika tarehe juu, akaniomba nimtajie fuo nilizopita, moja moja, na mahali nyavu za kuanikia zinapotandazwa. Namba za simu angezitafuta mwenyewe kwa makatibu. Nikaanza na Muhuru.